Komedi za baba za kuangalia na nyumba nzima: Mrs. Doubtfire, Chachi 420 na wenzake, uweke ipi?

Likizo za shule zikianza ama Idd ikiangukia wikendi, kwenye magrupu ya familia huku Mombasa swali ni lilelile, leo jioni twaangalia nini. Vijana wataka vita, kina dada wataka mapenzi ya Kituruki, watoto wataka katuni, na mwenye rimoti ndo mwenye neno la mwisho. Mi nasema weka komedi ya baba. Yaani muvi ambayo mtu mkuu ni baba na watoto wake, yachekesha, haina damu, na bibi na wajukuu waweza kukaa mkeka mmoja bila mtu kuanza kutafuta rimoti kwa pupa. Ziko nyingi, lakini nzuri hazijai mkono, na hata hizo nzuri si zote zafaa kila nyumba, ndo nikaona nizipange ubavu kwa ubavu nikwambie ipi ni ya nani.

Kwanza ujue napima na nini. Muvi nyingi za baba zimejengwa juu ya mzaha mmoja tu, mwanamume ameachiwa watoto, hajui kubadilisha nepi, chakula kimeungua, nyumba imekuwa soko la Kongowea asubuhi, watu wacheka. Sawa, dakika kumi za kwanza hata mi nacheka. Lakini kama mpaka mwisho yule baba bado hajui lolote na mama ndo arudi kuokoa, basi hiyo muvi imewaambia vijana wetu wa kiume kuwa kutojua mwanao anakula nini ni jambo la kuchekewa tu, si la kujifunza. Kwangu komedi nzuri ya baba ni ile baba afanya kazi yenyewe ya kulea, akosea, arudia, mpaka aijua, na kicheko chatoka humo humo kwenye kujifunza. Zote nitazipima hivo, halafu niangalie nani kakaa mbele ya tivii.

Tuanze na mbili ambazo kisa chao ni kimoja, manake hapa ndo watu wengi wa pwani hushindwa kuchagua.

Mrs. Doubtfire ni ya 1993, mwongozaji Chris Columbus, na baba ni Robin Williams, aliyefariki 2014. Kwenye muvi aitwa Daniel, yuko San Francisco, kazi yake kuwekea katuni sauti, ana watoto watatu wampenda kufa, shida ni kuwa yeye mwenyewe ni kama mtoto wa nne. Siku ya bathdei ya mwanawe aleta wanyama mpaka ndani ya nyumba, jirani ampigia mama simu kazini, mama arudi akute ile vurugu, na siku hiyo ndo asema imetosha, talaka. Mahakama yampa mama watoto, baba apewa Jumamosi tu, na miezi mitatu ya kutafuta kazi na nyumba ya maana. Hawezi kungoja miezi mitatu. Asikia mama atafuta mtu wa kukaa na watoto wakitoka shule, basi ajigeuza bibi mzima, sura ya mpira, wigi, matiti ya bandia, sauti ya Kiingereza cha ng'ambo, aandikwa kazi kwenye nyumba iliyokuwa yake.

Chachi 420 ya 1997 ni kisa hicho hicho kimevishwa sari. Kamal Haasan alikuwa ameshaifanya kwa Kitamil mwaka 1996, ile Avvai Shanmughi, halafu akaileta kwa Kihindi na akaiongoza yeye mwenyewe. Hapa baba ni mtu wa densi za sinema, hana pesa, mkewe ni Tabu, binti wa tajiri, ndoa imevunjika na mtoto wa kike amebaki upande wa mama. Baba ajivika sari, ajitia pini za nywele, aingia nyumba ya mkwe kama yaya. Na huyo mkwe ni Amrish Puri! Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekulia kwenye sinema za zamani za hapa mjini, Naaz na Regal, huyo hahitaji kuelezwa Amrish Puri ni nani, amemuona miaka na miaka akiwa yule muovu wa macho makubwa anayetisha hata akinyamaza. Sasa mtu huyo huyo alegea mbele ya yaya, ataka kumuoa, na yaya ni mume wa bintiye. Mamangu hapo hucheka mpaka ajifuta macho na leso, na hajawahi kusoma yale maandishi ya chini hata mstari mmoja, Kihindi chake ni cha sinema na chamtosha.

Kwa hivo kwa kucheka tu kwa sauti, nyumba yenye wazee, Chachi 420 yashinda mbali. Mrs. Doubtfire ina utani mwingi wa sauti na lafudhi za Kiingereza, Robin Williams abadilisha sauti kila dakika, na mtu ambaye Kiingereza chake si cha kukimbia utaona amebaki akiwaangalia wenzake wanaocheka. Lakini ile ya kuchekesha kwa mwili bila maneno pia iko, na mi naona hakuna kwenye muvi zote hizi pahali panapoishinda ile ya mama wa mahakama. Yule mama amekuja kukagua nyumba ya Daniel kama yafaa watoto. Daniel amefungua mlango akiwa bibi, ajifanya dada mtu, halafu yule mama ataka kumuona Daniel mwenyewe. Aingia ndani avue, atoka, arudi avae, na katikati ya hizo mbio ile sura ya mpira yadondoka dirishani mpaka barabarani na lori laikanyaga. Hana sura sasa. Mama wa mahakama aja jikoni na chai yake. Daniel afungua friji, aona keki, atumbukiza uso wote ndani ya krimu, ageuka na uso mweupe pe asema ndo mafuta yake ya usiku ya kulinda ngozi. Na ile krimu yaanza kuyeyuka, tone moja lamwagika ndani ya kikombe cha mgeni. Watoto wa miaka sita na babu wa sabini wacheka pamoja hapo, hakuna lugha hapo.

Halafu sasa njoo kwenye kipimo changu. Daniel mwanzoni hajui kupika, ile siku ya kwanza ya kazi ajichoma moto kifuani kwenye jiko, basi aagiza chakula hotelini apakua kama kapika yeye. Lakini hiyo haiachwi ibaki mzaha. Usiku akiwa peke yake kwenye nyumba yake ndogo aangalia kipindi cha mapishi kwenye tivii ajifunza, asafisha, na kule kwa watoto azima tivii na kuwasimamia homuwaki, kitu ambacho alipokuwa baba hakuwahi. Yaani ile nguo ya kike yamfanya awe mzazi ambaye alikuwa ameshindwa kuwa akiwa na suruali. Mpaka mwisho akipewa watoto waweza kuamini atawalea. Chachi 420 hapa ni nyepesi zaidi, baba tangu mwanzo ampenda mtoto wake na shida kubwa ni mkwe na pesa, kwa hivo vituko ni vya kujificha asishikwe, na kazi ya kulea yenyewe yapitiwa juu juu.

Tofauti kubwa lakini iko mwisho, na hii ndo ningetaka uisome polepole kama una watoto ambao wazazi wao wameachana. Chachi 420 mwisho wake mume na mke warudiana, mtoto afurahi. Mrs. Doubtfire hawarudiani. Mama amuona baba amebadilika, amuheshimu, amruhusu awachukue watoto kila siku wakitoka shule, lakini ndoa imekwisha na imebaki imekwisha, na muvi yafunga na yule bibi kwenye kipindi chake cha tivii akijibu barua ya mtoto ambaye wazazi wake wametengana. Huku kwetu talaka si kitu cha kunong'onezana, karibu kila ukoo una mtoto anayelala kwa mama Jumatatu mpaka Ijumaa na kwa baba wikendi, ama analelewa na bibi huku baba yuko Saudia ama Qatar kikazi. Mtoto kama huyo ukimuonyesha Chachi 420 atacheka sana halafu kesho yake akuulize, na nyinyi mtarudiana lini? Nimesikia mtoto akiuliza hivo wallahi na mama yake hakuwa na jibu. Kwa hivo kama talaka kwenu bado ni mbichi, mi ningeweka Mrs. Doubtfire, manake yamwambia mtoto ukweli kwa upole kuwa baba na mama wamemalizana na bado wote wawili ni wako. Na kama wewe ndo baba wa wikendi, iangalie na wao, usiwawekee uende zako kwenye baraza.

Ila uwe na rimoti karibu. Marekani waliipa daraja la PG-13, yaani huenda isiwafae wa chini ya miaka kumi na tatu, na ni haki yake, kuna matusi mepesi, kuna utani wa chumbani, na ile ya mwisho mkahawani Daniel ashaanza kulewa mdomo wafunguka. Watoto wa chini ya miaka kumi ningeiangalia mwenyewe kwanza nijue pa kuruka. Chachi 420 pia ina vijembe vya mapenzi na wanaume kumtolea macho yaya, lakini vingi vyapita juu ya vichwa vya watoto. Urefu ndo shida yake, Mrs. Doubtfire ni dakika 125, Chachi 420 yapita saa mbili na nusu na katikati kuna pahali padorora, mkaange kachri ama mpitishe mabuyu hapo.

Kitu kidogo cha pembeni ambacho wapenzi wa sinema ya Kihindi hufurahia, yule mtoto wa kike kwenye Chachi 420 ni Fatima Sana Shaikh, na akaja kukua akacheza binti wa Aamir Khan kwenye Dangal ya 2016. Bibi ukimwambia hivo hakuamini mpaka umuonyeshe picha.

Sasa watoto wadogo. Kama nyumba imejaa wa nasari mpaka darasa la tatu, achana na hizo mbili, weka Daddy Day Care ya 2003. Eddie Murphy na mwenzake wafanya kazi kwenye kampuni ya siriali, ile nafaka ya kula na maziwa asubuhi, wapewa kuuza siriali ya mboga, watoto waliopewa waionje waikataa, mradi wafungwa na wao wapigwa kalamu. Mke wake yuko kazini, ni wakili, shule ya chekechea ya mtoto ni ghali haiwezekani tena, na kazi hazipatikani, basi wale wanaume wawili, baadaye watatu, wafungua dekea ndani ya nyumba. Ndo muvi yote. Mwalimu mkuu wa ile shule ghali, Anjelica Huston, awachukia manake wamchukulia wateja, awaletea mkaguzi wa serikali.

Wakosoaji huko Marekani hawakuipenda kabisa, na mi naelewa, kisa chake ni chepesi na mwisho wake waujua kabla hata haujafika. Lakini kwenye kipimo changu hii yashinda nyingi zilizosifiwa. Manake kazi yaonekana. Kuna mtoto havui nguo za Flash, yule shujaa wa mbio, kuna mwingine hakuna mtu amuelewa kumbe aongea Klingon, ile lugha ya kubuni ya Star Trek, na anayemuelewa ni yule mwenzao wa tatu ambaye kila mtu alimuona bwege. Kuna ya choo, baba aingia kuona mtoto kafanya nini humo na kamera yabaki usoni mwa Eddie Murphy, na wapwa zangu hapo wajirusha chini kila mara kana kwamba hawajaiona. Polepole wale wanaume wajifunza kuwa kila mtoto ana mlango wake, huyu ni hadithi, huyu ni nafasi ya kukimbia, huyu ataka mtu akae tu karibu naye. Na Charlie, ndo huyo Eddie Murphy, akirudishiwa ile kazi kubwa kwa muda, aiona si tamu tena.

Na hii ina uzito wake hapa mjini. Mwaka 2019 mizigo ya bandarini ilipoelekezwa kwenye SGR, ile reli mpya, na watu wakaandamana, madereva wa malori, makarani, wenye vibanda vya chakula njia yote ile ya Changamwe na Miritini, wanaume wengi walijikuta nyumbani mchana, mke ndo ana kibarua, na hakuna aliyewafunza mwanamume akae vipi na watoto saa nne asubuhi. Wengine walikaa barazani siku nzima, wengine walianza kupeleka watoto shule, kuwasuka hata nywele. Muvi inayomuonyesha baba aliyefutwa kazi akipata heshima yake kwa kulea, na haimcheki kwa hilo, mi naiweka juu. Ina dakika 92 tu kama hivi, watoto hawachoki.

Hapo hapo kwa watoto watu hupenda kuweka Are We There Yet? ya 2005, ile Ice Cube asafiri na watoto wa mwanamke ampendaye na wao wamuharibia gari njia nzima. Watoto watacheka ndio. Mi siiweki. Nusu ya muvi ni watoto kumtesa mtu mzima na yeye kuwachukia, na mapenzi ya mwisho yaja haraka haraka kama yamesahaulika. Kama wataka ya baba wa kambo, ongea nao tu.

Na usije ukadanganyika na Fatherhood ya 2021 kwa sababu ni Kevin Hart. Ni nzuri, tena sana, imetokana na kisa cha kweli cha baba aliyelea binti yake peke yake, na kazi ya kulea utaiona mpaka nepi ya mwisho. Lakini yaanza na mama kufariki muda mfupi baada ya kujifungua. Nyumba iliyofiwa hivo, usiwashtue watu na Kevin Hart kwenye picha ya mbele. Hiyo ni ya kuangaliwa siku mtu yuko tayari kulia.

Finding Nemo, hii pia 2003, watu waiita katuni ya watoto na mi nasema ni muvi ya baba kushinda zote nilizotaja. Marlin ni samaki, amempoteza mke na mayai yote isipokuwa moja, wameliwa na mzia, na hiyo yatokea mwanzo kabisa, kwa hivo kama una mtoto mwoga mpe mkono dakika zile za kwanza ama anza baada yake, hatapoteza kitu. Baada ya hapo Marlin ni baba wa hofu, mwanawe Nemo ana pezi moja dogo na yeye ataka kumfungia ndani maisha yote, mpaka mtoto kwa hasira aogelea mbali na mzamiaji amchukua, apelekwa Sydney kwenye tangi la daktari wa meno. Baba avuka bahari kumfuata na Dory ambaye hakumbuki alichosema sasa hivi.

Ile ninayoipenda mi ni ya kasa. Mtoto wa kasa atupwa nje ya mkondo wa maji, Marlin ataka kurukia kumuokoa, na baba yake kasa amzuia tu, ngoja, tuone atafanya nini peke yake. Yule mtoto arudi mwenyewe amejaa furaha. Marlin auliza utajuaje mtoto yuko tayari, na kasa hana jibu la kitabuni, asema hujui hasa, ila wao wakijua nawe utajua. Mzazi yeyote wa Likoni ambaye amewahi kumwachia mtoto avuke feri peke yake mara ya kwanza aelewa pale. Kwa kipimo changu huyu ni baba ajifunza kazi ngumu kuliko nepi, kazi ya kuachilia, na ajifunza mbele ya macho yako.

Na kwa watoto wa huku kuna faida ingine, jamaa zake Nemo wako kwenye matumbawe yetu wenyewe, ukienda Kisite Mpunguti upande wa Shimoni na Wasini ukavaa miwani ya kuzamia utawaona wakijificha ndani ya kile kiumbe chenye vidole vidole. Mtoto aliyeangalia muvi kwanza halafu akapelekwa hiyo safari hatakuacha ulale. Dakika 100, daraja la G, yaani ya umri wote, bibi pia aangalia bila wasiwasi.

Sasa kuna nyumba ambazo watoto wamekua, na shida si nepi tena, ni harusi. Father of the Bride ya 1991, Steve Martin na Diane Keaton. Binti amerudi kutoka masomoni Roma, miaka 22, atangaza mezani kuwa aolewa, na baba akimwangalia aona mtoto mdogo mwenye nywele za mikia ameketi pale. Halafu gharama. Mpambaji aitwa Franck, Kiingereza chake hakuna aelewaye, na kila mgeni ni dola 250. Baba akatwa roho, aanza kufuta wageni kwenye orodha. Ile maarufu ni dukani, apandwa na wazimu aanza kutoa mikate kwenye pakiti manake soseji zauzwa nane na mikate kumi na mbili, asema halipii ile minne ya ziada, mpaka afungwa jela. Baba yeyote aliyelipia ukumbi wa Mombasa, mapambo, biriani la watu mia tano waliokuja mia nane, hiyo hasira aijua, na si ya mikate.

Mi naipenda kwa sababu hawamfanyi mpumbavu. Ubahili wake ni huzuni imekosa pa kutokea, na usiku hawezi kulala wacheza mpira wa kikapu na bintiye uani, na hapo hakuna mzaha tena. Wenzetu kanisani baba humshika binti mkono mpaka mbele, kwetu Waislamu baba ndo walii, aketi na bwana harusi mkono kwa mkono atamka kuwa nimekuozesha, na ukiangalia vizuri siku hiyo mikono ya wazee hutetemeka. Kwa hivo muvi ni ya Kalifonia lakini ile dakika ni yetu. Angalia na binti yako mwenye miaka ishirini kwenda juu, si na watoto, watoto watalala. Kuna ya 1950 ya Spencer Tracy na Elizabeth Taylor, hiyo ni ya wapenzi wa sinema za kale, na kuna ya 2022 ya Andy Garcia, familia ya Kikuba ya Miami, ambapo wazazi wenyewe wako mbioni kuachana huku binti ajiandaa kuolewa. Hiyo mpya ina jamaa wengi, mashangazi wengi, kelele nyingi, na kwa hilo yafanana na kwetu zaidi. Lakini kicheko cha Steve Martin hawakukifikia, nikilazimishwa nachukua ya 1991.

Na mwisho ile ambayo nashangaa watu wengi hawaitaji kwenye hesabu za muvi za baba, Piku ya 2015. Manake twadhani baba ni yule wa watoto wadogo, na hapa baba ni Amitabh Bachchan mzee wa miaka sabini, na anayelea ni binti yake, Deepika Padukone. Mzee maisha yake yote yazunguka kwenye choo, kama kimekuja, kama hakijaja, rangi gani, apiga simu mpaka kazini kwa binti kuripoti. Wasafiri kwa gari kutoka Delhi mpaka Kolkata na Irrfan Khan ndo dereva kwa kulazimika, na juu ya gari kimefungwa kiti cha choo cha mzee. Najua yasikika kama utani wa watoto. Si hivo. Kama umewahi kuishi na mzee wako, ukapanga dawa zake, ukabishana naye kuhusu chumvi, ukachelewa kazini kwa sababu ya tumbo lake, utacheka kicheko cha mtu aliyeonekana. Amitabh alipewa tuzo ya taifa ya India kwa hiyo, na alistahili, manake yule mzee audhi kweli kweli na bado huwezi kuacha kumpenda. Binti hafanywi malaika, achoka, akasirika, apiga kelele, kesho aamka apika tena. Hiyo kazi ya kulea niliyosema mwanzo, hapa imegeuziwa upande wa pili na imeonyeshwa kwa heshima kuliko pahali popote. Mwisho wake una msiba, wa utulivu, nakwambia mapema uchague na nani uketi.

Kama lazima iwe moja tu na sebule imechanganyika, bibi yuko, ami yuko, watoto watano wa umri tofauti, mi naweka Nemo mapema baada ya Maghribi watoto wakiwa macho, halafu wakishalala wakubwa mchague. Wazee wakiwa wengi, Chachi 420. Kama ni wewe, babako na ndugu zako bila watoto, Piku. Baba wa wikendi na watoto wa kumi kwenda juu, Mrs. Doubtfire bila kufikiria mara mbili. Asubuhi ya Jumamosi ambapo mama yuko kazini na wewe umeachiwa wadogo, Daddy Day Care, tena ketini wote chini, uwaulize katikati yupi ni wao kati ya wale watoto, utashangaa majibu.

Mtandaoni hizi muvi zaja na zaondoka, kwa hivo itafute kabla hujawaahidi watu, na ya Kihindi hakikisha yaja na maandishi ya chini, manake vijana wa sasa Kihindi cha bibi hawana. Na kama mtaa wenu stima ina tabia ya kupotea usiku, Chachi 420 ianzeni mara tu baada ya Isha, laptopu na simu zikiwa zimejaa chaji, hakuna atakayekubali iachwe kabla hajajua kisa cha yaya chaishia wapi.